Spika za gari la zamani na nati zisizofikika

Kuunganisha waya za spika ni kazi ya dakika chache. Kinachokula siku nzima ni kulala chali sakafuni mwa gari, shingo imepinda chini ya dashibodi, vidole vinapapasa nati ambayo macho hayaioni. Nimebadilisha spika kwenye magari yangu ya zamani na ya marafiki, na mara nyingi adui huwa ni yule yule: skrubu nne zinazoishikilia spika ya zamani.

Aliyeifunga kiwandani alikuwa na nafasi. Wewe una kioo cha mbele juu, redio mbele, na mabomba ya hewa chini. Kwa hiyo usianze na nati, anza na njia. Sanduku la dashibodi hushikwa na skrubu chache, na likitoka mkono unapita hadi kiwiko. Kisahani cha majivu nacho kitoe. Redio ikibidi itoke, itoe tu, utaokoa muda kuliko kuizunguka. Mabomba yanayopeleka hewa kwenye kioo yazungushe polepole kabla ya kuyavuta, kwa sababu yaliyokaa miaka mingi hukauka na kuchanika kwa urahisi. Volkswagen Beetle ina afadhali yake: fungua boneti ya mbele, toa kadibodi iliyo nyuma ya dashibodi, na utaiona spika kwa mgongo bila kujikunja.

Kabla ya yote, chomoa betri. Chomoa ile nguzo iliyoungwa kwenye bodi ya gari, siyo lazima iwe hasi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunga chanya kwenye bodi. Spana ikigusa chuma huko gizani huku betri imeunganishwa, utajuta.

Sasa skrubu za juu, zile zilizo chini ya mteremko wa kioo. Bisibisi ya kawaida haisimami pale, na ukiilaza itakula kichwa cha skrubu. Chukua biti fupi ya milimita 25, ile ya kuchomeka kwenye drili. Shina lake lina pembe sita na upana wa robo inchi, kwa hiyo spana ya ringi ya robo inchi inalishika barabara. Chomeka biti kwenye skrubu, vika ringi juu yake, kandamiza kwa kidole gumba, zungusha. Ringi yenye racheti ni bora zaidi, kwani huhitaji kuitoa na kuirudisha kila robo mzunguko. Nafasi ya sentimita tatu au nne inatosha. Sijaona kifaa cha bei mbaya kinachoshinda hiki.

Kama gari ni la Kijapani, angalia nyota ya skrubu zake. Nyingi ni za JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani, na bisibisi ya Phillips, ile ya nyota ya kawaida, huteleza humo hata ukiegemea kwa nguvu zote. Nunua biti za JIS. Kwa kutu, paka mafuta ya kulegezea kwa brashi ndogo na uyaache yafanye kazi yake. Usipulize kopo ovyo, yakiingia kwenye karatasi ya spika unayotaka kuihifadhi, imeharibika.

Nati za chini zinataka soketi ndogo, ekstensheni na kifundo kinachopinda. Kuitoa nati si shida sana, kuirudisha ndiyo kasheshe. Weka tone la grisi ndani ya soketi, au kipande cha tepu juu yake, ili nati isidondoke njiani. Ianzishe kwa vidole kila inapowezekana. Hesi ikienda mshazari utaihisi mapema kwa vidole, kwa racheti utaihisi imeshaharibika.

Halafu kuna sumaku. Spika mpya huvuta skrubu ikiwa bado hewani, na ncha ya bisibisi nayo hurukia huko huko, wakati mwingine ikipitia kwenye karatasi. Funika uso wa spika kwa kadibodi ngumu mpaka skrubu ya mwisho ikaze.

Kwa spika za milangoni, shusha kioo hadi mwisho na upime kina kabla ya kufunga chochote, kioo kisije kikagonga sumaku. Spika za kibao cha nyuma hufikiwa kupitia buti, hazina makuu.

Spika ya zamani ikiwa nje, badilisha mfumo wenyewe. Pachika nati za klipu kwenye matundu ya bamba, ili siku nyingine skrubu zifunguliwe kutoka upande mmoja tu. Na kama unabaki na redio ya asili, soma kwanza omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wa spika inayoitaka: redio nyingi za Delco za magari ya General Motors ya miaka ya 1960 zilitaka spika za omu 10, na spika ya omu 4 inaweza kuunguza transista ya redio.

Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Fremu za spika ni nyembamba, zikipinda koili inakwaruza sumaku. Sukuma karatasi taratibu kwa vidole viwili, pande zote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, legeza skrubu moja baada ya nyingine hadi uishe, washa redio usikilize, ndipo urudishe sanduku.