Kabla hujaleta familia Uingereza, hesabu mikono

Nilipofika Leicester mwaka 2022, kosa langu la kwanza lilikuwa kugeuza kila bei kuwa shilingi. Pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000, kwa hiyo mkate ulinitisha, nauli ikanitisha, na vitu vingi nilivirudisha rafuni watoto wakiniangalia. Siku moja, tumesimama mbele ya nyanya, mume wangu akaniuliza, "Mama, mshahara tunalipwa kwa pauni. Shilingi za nini tena?"

Tangu siku ile napima kwa saa za kazi, na nakushauri uanze hivyo hivyo. Kima cha chini kwa aliyefikisha miaka 21 kilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 12.21 kwa saa. Kuku mzima wa dukani huku unamnunua kwa kazi isiyofika saa moja, wakati kibarua wa Dar anashinda juani kutwa na bado kuku wa kienyeji hamfikii. Maziwa, mayai, mchele wa gunia, nguo za watoto, vyote kwa kipimo hiki ni rahisi. Sasa nenda kasuke nywele. Mkeka ambao nyumbani unasukwa barazani huku mnapiga soga, hapa unaweza kukumalizia ujira wa siku nzima. Fundi bomba, fundi cherehani, anayekuja kubadilisha kitasa, ni hivyo hivyo. Kilichotoka kiwandani ni nafuu, kinachohitaji mkono wa mtu ni ghali.

Na mtoto mdogo ni mikono tu, asubuhi hadi usiku.

Hapa ndipo familia nyingi zetu zinapoumia, na hakuna aliyeniambia. Kinondoni nilikuwa na dada wa kazi, mama mkwe yuko mtaa wa pili, na jirani ambaye mwanangu alikula kwake bila mimi kujua. Sikuwahi kuiandika hiyo kama gharama. Huku mtoto wa mwaka mmoja na nusu akienda chekechea ya kulipia siku tano kwa wiki, ada yake inaweza kushindana na kodi ya nyumba. Utasikia watu wakisema serikali inalipia saa 30 kwa wazazi wanaofanya kazi. Ni kweli, lakini kama wazazi wote wawili mko kwenye viza isiyoruhusu misaada ya umma, kwa kawaida saa hizo si zenu. Mtakachopata huku England ni saa 15 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, mtoto akishatimiza miaka mitatu. Kabla ya hapo kwa kawaida mnajitegemea. Sisi tulimudu kwa zamu: mimi mchana, yeye usiku ghalani. Kwa miezi kumi na minne tulionana mlangoni, mmoja anatoka, mwingine anaingia. Hela ilitosha, ila ndoa ilichoka, na hilo nalo lihesabu unapopanga.

Mtoto akianza shule mambo yanageuka. Shule ya serikali haina ada, na huku England madarasa matatu ya mwanzo hupata chakula cha mchana bure. Dawa anazoandikiwa na daktari hazilipiwi hadi atimize miaka 16. Ukikumbuka ulivyokuwa ukihangaika Januari na Julai kutafuta ada, hapa unapumua.

Matibabu yenyewe lakini umeshayalipia kabla hujapanda ndege. Tangu Februari 2024 tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili inalipa 3,622 kwa mwaka, na kwa viza ya miaka mitatu ni 10,866, zote kwa mkupuo mmoja, mbali na ada ya viza. Wauguzi na madaktari wenye viza ya afya wamesamehewa, pamoja na familia zao. Wengine muulize mwajiri mapema kama anachangia. Usione haya.

Mshahara nao usiusome kama ulivyoandikwa kwenye barua. Ukiambiwa 32,000 kwa mwaka, pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kodi, zinazobaki zinakatwa asilimia 20 ya kodi na 8 ya bima ya taifa. Mkononi ni kama 2,210 kwa mwezi, na hapo pensheni bado. Panga nyumba kwa hiyo ya mkononi.

Kwenye kupanga, dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kumtafutia nyumba, sheria imekataza tangu 2019, na dhamana kwa nyumba za kawaida isizidi kodi ya wiki tano. Kodi ya halmashauri, ambayo si ile ya mwenye nyumba, mara nyingi hugawanywa miezi kumi, Aprili hadi Januari. Februari na Machi zinakupa nafasi, usizile. Umeme na gesi vinaweza kuwa vya kulipia kabla kama LUKU, ila huku mita inakata kiasi kila siku hata kama hujawasha taa. Tuliwahi kusafiri wiki mbili tukarudi tukakuta mita inadai.

Chakula chetu kipo. Hapa Leicester, Barabara ya Belgrave ina maduka ya Wahindi waliotoka Afrika Mashariki. Mzee mmoja hapo alinijibu, "Mihogo ipo, mama, ila nazi leo hakuna," kwa Kiswahili kisafi, nikasimama pale nikitokwa machozi.

Ukiweza kuchagua mwezi, leta watoto mwanzoni mwa Agosti. Shule nyingi zinafungua Septemba, kwa hiyo utakuwa na muda wa kuomba nafasi halmashauri ukiwa na anwani mkononi, na utapata kama miezi miwili kabla ya kuwasha joto la nyumba. Sisi tulifika Januari. Bili ya kwanza ya gesi ilikuja kabla ya mshahara wa kwanza.