Wenzo Ukigoma, Usishindane Nao

Minara mingi ya zamani ya signali kwenye reli za Marekani iliendeshwa kwa mikono, na wengi hudhani ilihitaji misuli. Misuli ilihitajika, lakini mpangilio ndio uliookoa watu. Ukibahatika kusimama mbele ya nyenzo, yaani vyuma virefu vya kuvuta, za mnara uliohifadhiwa, anza na rangi: nyeusi ni ya swichi ya reli, yaani pale treni inapohamishiwa njia nyingine kwa ulimi wa reli unaosogea, bluu ni ya komeo, nyekundu ni ya signali kuu. Nyeupe haina kazi.

Geuza swichi, tia komeo ili ulimi wa swichi usicheze magurudumu yakipita, ndipo ufungue signali kuu, halafu ile ya mbali, inayomtahadharisha dereva mapema. Treni ikishapita unarudi kinyumenyume, signali kwanza na swichi mwisho.

Kwenye mashine za nyenzo za aina ya Saxby & Farmer, sikiliza kwa kiganja. Kabla ya kuvuta wenzo unabana kishikio kidogo nyuma ya mpini, na hicho ndicho kinachosogeza vyuma vinavyofungiana. Kisipobanika hadi mwisho, kuna wenzo mwingine haujakaa panapotakiwa. Mgeni hudhani ni kutu, akaongeza nguvu. Achia, tazama chati ukutani.

Kikibanika lakini wenzo ukakwama katikati, shida iko nje. Kwa swichi, mara nyingi ni kokoto au barafu kati ya ulimi na reli. Komeo nalo halitaingia kwenye tundu lake ikiwa ulimi haujalala sawasawa, na ndivyo inavyotakiwa. Kando ya reli kuna pia chuma kirefu, kama mita 15, ambacho lazima kinyanyuke kabla komeo halijasogea. Gurudumu likiwa hapo hakinyanyuki, kwa hiyo huwezi kugeuza swichi chini ya treni.

Joto nalo lina vituko vyake. Bomba la chuma la mita 300 linalopeleka mvuto wa wenzo kutoka mnarani hadi kwenye swichi hurefuka karibu sentimita 10 joto likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi. Ndiyo maana katikati huwekwa mikono ya kugeuza mwendo: nusu moja ikisukuma, nyingine inavuta, na urefu uliozidi unajifuta. Mikono hiyo ikiwekwa pasipo katikati, swichi itafunga vizuri asubuhi na kugoma adhuhuri.

Kisha, enzi hizo, kulikuwa na karatasi za amri za mwendo wa treni. Mwongozaji wa treni, anayepanga safari zote akiwa mbali, anazisoma kwa telegrafu au simu, wewe unaandika nakala kadhaa kwa kaboni kwenye karatasi nyembamba, unamsomea neno kwa neno, na haina nguvu mpaka aseme imekamilika na kutaja saa. Fomu 31 ilidai saini ya mpokeaji, hivyo treni ilisimama. Fomu 19 ilipokelewa treni ikienda, kwa pete ya mti yenye mpini mrefu: moja ya injini, moja ya behewa la mwisho. Inua pete juu na usiikaze, maana anayeipokea anapitisha mkono mzima ndani yake. Ataitupa mbele huko, uifuate kwa miguu. Baadaye ikaja fimbo yenye panda, karatasi ikifungwa kwenye uzi. Anaondoka na uzi tu, adha ikaisha.

Usikimbilie ndani. Tazama magurudumu kama kuna beringi inayofuka moshi, kisha subiri taa za mkiani. Usipoziona, huenda mabehewa yamekatika nyuma, na njia hiyo bado si tupu. Ukiziona, andika saa, mpigie mwongozaji.