Busti ikipita kiasi kwenye injini ya rotari: maswali na majibu

Swali: Shikamoo fundi. Nina Mazda RX-7, ile FD, injini 13B yenye tabo mbili. Nimetoa katalisti (kisafisha moshi) na silensa ya kiwandani, nikaweka bomba pana la moshi hadi nyuma. Busti, yaani shinikizo la hewa ambayo tabo inasukuma kwenye injini, nimeiweka 0.7 bar. Inafika hapo vizuri, lakini mizunguko ikipanda nayo inazidi kupanda polepole mpaka 1.0. Kontrola ya busti nimeishusha hadi mwisho, bado. Tatizo nini? (Malindi mjini)

Jibu: Marahaba kijana wangu. Kwanza acha kuikanyaga gari hiyo mpaka hili lirekebishwe. Kontrola yako haina kosa. Westigeti, kile kilango kinachopitisha moshi kando ili usizungushe tabo, imeshafunguka yote na haitoshi. Injini ya rotari, ambayo badala ya pistoni ina rota za pembe tatu zinazozunguka, haina vali za kutolea moshi. Tundu linafunguka ghafla na moshi unatoka ukiwa wa moto sana, na nguvu yake ingali nyingi. Ulipopanua bomba nyuma ya tabo, moshi umepata njia nyepesi ya kupita kwenye tabo yenyewe. Ni kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa: lango kubwa likiwa wazi, nani atahangaika na kilango cha pembeni?

Dawa ya kweli ni kuipanua westigeti. Tabo zishushwe, tundu lichongwe liwe kubwa, bamba la kuliziba nalo libadilishwe liwe pana, na njia inayoelekea pale ilainishwe. Kama una mpango wa kuweka tabo moja kubwa, funga westigeti ya nje, na bomba lake litoke pale ambapo moshi unakuja wenyewe kwa mwelekeo. Lisiwe limekatwa kwenye kona ambayo moshi lazima ugeuke ghafla ili uingie. Kwa sasa, kabla hujapata fundi wa kuchonga, rudisha kile kipande chenye katalisti. Kizuizi hicho kitashusha busti. Nguvu utapoteza kidogo, injini utabaki nayo.

Usiione hiyo 0.3 ya ziada kuwa ndogo. Injekta za kiwandani za FD ni mbili za 550 na mbili za 850, hizo ni sentimita za ujazo kwa dakika, na zina mwisho wake. Hewa ikizidi na petroli isiongezeke, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, injini inanoki. Kwenye injini ya pistoni mara nyingi utasikia mlio na utawahi kuachia mafuta. Rotari haikupi nafasi hiyo. Kila rota ina sili tatu za kwenye ncha, kwa hiyo 13B yenye rota mbili ina sita, na za FD zina unene wa milimita 2 tu. Mlipuko mmoja mbaya unatosha kuvunja moja, na vipande vyake vinatokea tundu la moshi, vinakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo.

Swali: Salaam aleikum kaka. Kijana wangu ana RX-7 ya zamani kidogo, FC ya tabo. Anasema busti ikifika mahali fulani gari inakatika kama imezimwa, halafu inarudi. Fundi wake amemwambia kuna kidude cha kuidanganya kompyuta isikate tena. Anataka nimwongezee pesa akinunue. Nimpe? (Watamu)

Jibu: Wa aleikum salaam dada. Kwa kidude hicho, usimpe hata shilingi. Kule kukatika ni kinga iliyowekwa na waliotengeneza gari. Kompyuta inaona shinikizo limepita kiasi ambacho petroli inatosha, basi inafunga petroli ili pasiwe na cha kulipuka. Kidude hicho kinaificha kompyuta ukweli: busti inapanda, na yenyewe inaendelea kutoa petroli ya busti ndogo. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuivunja injini ile, na inauma zaidi kwa sababu watu wanailipia.

Muulize kijana kwanza kwa nini busti inafika huko. Huenda ni tatizo lile lile la swali la juu. Ukitaka kumsaidia, pesa ziende kwenye geji nzuri ya busti na mipira mipya ya vakuamu. Baadaye, akiweza, anunue kompyuta ya kupangika pamoja na injekta kubwa na pampu ya kuzilisha, na humo nayo aweke kikomo chake mwenyewe. Akilenga 0.8, kikomo kiwe kama 0.95. Kikate petroli yote, rota zote mbili kwa pamoja. Kikikata nusu nusu, kitaleta ule ule upungufu wa petroli tunaoukimbia. Kukata moto wa plagi peke yake pia sishauri, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye ekzosi na tabo ndiyo inayopigwa.

Swali: Gari yangu ilipangwa Nairobi kwenye mashine ya kupimia nguvu, ikawa safi kabisa. Nimeshuka nayo Malindi, busti kwenye geji ni ile ile 0.8, lakini inakimbia zaidi na ina joto zaidi. Niwe na wasiwasi?

Jibu: Uwe nao. Geji yako inapima juu ya hewa ya mahali ulipo. Nairobi iko juu, hewa yake ina shinikizo la karibu 0.83. Huku pwani ni 1.01. Kwa hiyo 0.8 ya Nairobi ni jumla ya 1.63, na 0.8 ya Malindi ni 1.81. Injini inameza hewa zaidi kwa takriban asilimia 11, na springi ya westigeti haijui, maana nayo inasukumana na hewa ya hapa hapa. Kompyuta inayosoma shinikizo la jumla itaingia kwenye sehemu za ramani yake (jedwali la petroli na moto) ambazo fundi wa Nairobi hakuwahi kuzigusa. Ongeza joto letu la Februari na Machi, hewa ya kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo) inatoka moto, na noki inakaribia zaidi. Shusha busti iwe 0.6 mpaka ipangwe upya huku chini. Safari ijayo mwambie fundi mapema kwamba gari inakwenda pwani.

Swali: Nikiweka ile vali ya kutoa hewa inayopiga "pshhh", si itazuia busti kuzidi?

Jibu: Hapana. Ile inafunguka ukiachia mafuta. Busti inazidi mguu ukiwa chini, na wakati huo imefungwa.

Swali: Na Hilux yangu ya dizeli yenye tabo, nayo ina hatari hii? (Mokowe)

Jibu: Kwa namna nyingine. Dizeli hewa ikizidi hainoki kwa kukosa mafuta. Kinachoumia ni tabo kuzunguka kupita kiasi, na gasketi ya silinda hedi. Nguvu ikipotea ghafla na taa ikawaka, angalia mapanga ya tabo yanayojigeuza kama yameganda kwa masizi.

Swali: Mpira wa westigeti uliochomoka ulifanya busti irukie 1.4 mara moja. Niliachia. Sasa gari inatetemeka ikisimama na kuwaka kwake ni kwa shida. (Shela, Malindi)

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Usiiwashe tena kabla ya kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini). Kata petroli na moto, toa plagi moja ya kila rota, ondoa kivali kidogo kilicho ndani ya geji ya kompresheni unayoifunga kwenye tundu la plagi, kisha mtu apige stata huku amekanyaga mafuta hadi chini. Sindano ya geji lazima iruke mara tatu, sawasawa, kwa kila mzunguko wa rota. Miruko miwili dhaifu na mmoja mzima ni dalili ya sili ya ncha iliyovunjika, kwa sababu sili moja inatenganisha vyumba viwili. Mmoja tu ukiwa dhaifu, shuku sili ya ubavuni. Miruko yote ikiwa sawa, nenda kwenye plagi na waya zake.

Na mpira huo, weka wa silikoni, mfupi, utoke kwenye mdomo wa kompresa (upande wa tabo unaosukuma hewa) hadi kwenye westigeti bila kuugawia geji wala kitu kingine. Klipu zake zikague kila unapobadilisha oili, kwa sababu chumvi ya Shela inazila haraka.