Fundi mkongwe anakuficha mambo ya mashine? Barua isubiri kwanza

Ndugu yangu, umesema uko timu ya matengenezo, mwenzako amekuzidi umri, anakukatiza mbele ya vibarua, na mashine ikiharibika anakupa nusu ya habari. Unauliza kama umwandikie meneja. Mimi niliandika, tena kurasa mbili.

Nilitoka chuoni nikapangiwa shamba moja la mkonge upande wa Muheza, idara ya ufundi. Tulikuwa sita, na mkongwe wetu alikuwa fundi wa korona. (Kwa wasiotoka Tanga: korona ni mtambo wa kuchakata majani ya mkonge. Jina hilo tulikuwa nalo zamani kabla ya ule ugonjwa.)

Korona haitaki mzaha. Jani likishakatwa halitakiwi kukaa. Likinyauka, nyama ya jani inagandia kwenye singa, yaani nyuzi za mkonge, na singa inatoka chafu. Na katika jani zima singa ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na taka. Siri yote iko kwenye nafasi kati ya visu vya ngoma, yaani lile pipa linalozunguka, na bamba linalopokea jani. Ikibana, singa zinakatika. Ikilegea, zinatoka na ukijani. Mzee yule alikuwa anaiseti kwa sikio na kidole. Ukimuuliza ni milimita ngapi: "Kamuulize aliyekufundisha." Vibarua hoi kwa kicheko.

Basi wiki ya tatu nikaandika barua: ana kiburi, hana ushirikiano, haheshimu wahandisi. Meneja akatuita wote wawili akamsomea neno kwa neno. Tangu siku hiyo mzee akawa anafanya kilichoandikwa kwenye kadi ya kazi, basi. Beringi moja ikaanza kulia Jumatatu, aliisikia, akanyamaza. Alhamisi ikakwama. Siku mbili majani yamerundikana uwanjani yanapigwa jua, na aliyeitwa kujieleza ni mimi.

Aliyenifumbua macho ni mama aliyekuwa akituuzia chai. "Mwanangu, wewe unaingia karakana na 'mambo vipi wakuu', yule si umri wa baba yako?" Niliona aibu. Nimezaliwa Ngamiani, sikuhitaji kuambiwa hilo. Kesho yake nikaanza na shikamoo. Hakuitikia. Siku ya nne ikatoka "marahaba", amenipa mgongo.

Na swali nikalibadilisha. Sikumuuliza tena ni ngapi. Akimaliza kuseti, naomba nipime kwa zile geji bapa, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, naandika kwenye daftari pamoja na hali ya majani siku hiyo, kama ni mabichi au yamelala. Baada ya siku chache akauliza mwenyewe, "Umepata ngapi?" Nikamtajia. Akasema geji yangu mbovu. Tukabishana mpaka chai ikapoa, lakini sasa tulikuwa tunabishania namba.

Kuna jambo moja sikumvumilia. Majani yakinasa, alikuwa anaingiza mkono kuyatoa bila kukata umeme. Anamsimamisha kijana kwenye swichi na kumwambia asiguse. Hilo nililikataa mbele ya watu wote, shikamoo pembeni. Nikafunga swichi kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwangu. Akanimwagia maneno kwa Kibondei, na kila niliyemwomba anitafsirie anacheka tu. Siku ile ile nikaandika barua ya pili, mistari minne: tarehe, saa, mashine, alichofanya. Hakuna neno kiburi. Hiyo ilifanyiwa kazi. Kila fundi akapewa kufuli lake.

Kwa hiyo kwako: dharau ningeimeza, angalau kwa sasa. Habari anazoficha, nyingi utazipima mwenyewe ukiwa na daftari na subira. Lakini akimweka mtu kwenye hatari, andika leo, usingoje kikao, na uandike tendo lenyewe, tabia yake iache.

Usitegemee mtakuwa marafiki. Sisi hatukuwa, na alipostaafu hakuniaga. Daftari bado ninalo. Kuna kurasa amekata namba zangu kwa kalamu nyekundu akaandika zake, na nyingi zake ndizo zilizokuwa sahihi.

Hukusema mashine zenu ni za aina gani. Na huyo mwenzako, asubuhi huwa unamwamkiaje?