Mkuu usipande tawi la adeniamu kidonda kikiwa kibichi, nakuomba

Weka kisu chini kwanza, soma hapa.

Umesema upo Uyole, Mbeya, bibi kakuachia adeniamu (waridi la jangwani), na wikiendi hii hii ya Juni unataka ukate matawi yote, uyachomeke kwenye viriba vya udongo mweusi na samadi, umwagilie asubuhi na jioni, ufunike na nailoni, halafu unauliza mbolea gani, chungu gani na maua yatatoka lini. Kwa mpango huo maua hakuna, vitaoza vyote, matawi na mti wenyewe.

Mimi nilikuwa nao wa marehemu mama, aliutoa Dodoma ukiwa mche akaulea hapa Iringa mpaka shina likavimba kama kibuyu. Muuza miche mmoja, mtu wa kitalu kikubwa anaongea kwa kujiamini kabisa, akanipa maelekezo haya haya unayotaka kufuata wewe: kata yote, chomeka leo leo, samadi, maji, nailoni. Samadi na viriba akaniuzia yeye. Ilikuwa Machi, mvua inapiga kila siku.

Sasa sikia kinachouma. Yale matawi yalikaa kijani kabisa, mengine yakachipua na majani mapya, nikamtumia picha akajibu "si unaona". Kumbe adeniamu ina akiba ya maji ndani ya shina, inaweza kuchipua kwa akiba hiyo bila kuwa na hata mzizi mmoja! Huku juu unafurahia kijani, kule chini kidonda kilizikwa kibichi kwenye udongo umelowa, ukungu umeshaingia na uozo unapanda ndani kwa ndani. Siku nilipobonyeza shina moja likabonyea, likatoa maji ya kahawia yananuka, nikalivuta likaja lote na ngozi yake ya chini ikabaki udongoni. La pili hivyo hivyo, yote hivyo hivyo. Na mti mama tuliuacha nje vidonda viko wazi mvua inaingia, uozo ukashuka toka kwenye mikato mpaka kwenye shina kubwa. Mti wa mama yangu aisee. Nilipomrudia yule bwana akaniambia eti sina mkono wa kupanda. Unauza mimea ya jangwani, unachukua hela za watu, na hujui mmea unaouza unaishije!

Habari ya nailoni inatoka kwenye waridi la kawaida na mimea mingine ya vijiti vyembamba, vile vinakauka kabla havijatoa mizizi ndo maana vinafunikwa. Adeniamu, dungusi, hata minyaa ya uzio, vimejibebea maji. Ukivifunika umevifungia na ukungu.

Kwa hiyo shika hili moja: KIDONDA KIKAUKE KWANZA. Futa kisu kwa spiriti, kata tawi moja au mawili tu mengine yaache, ondoa majani, osha utomvu kwa maji halafu laza tawi kivulini pakavu penye hewa, wiki moja mpaka mbili kwa tawi nene. Usilionee huruma likianza kunywea kidogo. Angalia mkato: mwanzo unang'aa na kunata, baadaye unafunga ngozi ngumu ya kijivu, ukiukwaruza kwa ukucha hauachi unyevu. Hapo ndo unachomeka, kwenye mchanga wa mtoni ule mnene uliochanganywa na yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea kwenye maji, nyie huko Mbeya mnayakanyaga tu, yapondeponde. Samadi hapana. Ukishachomeka usimwagilie siku kadhaa, na baadaye mwagilia pale tu mchanga umekauka mpaka chini. Mti mama nao mikato yake isiguswe na mvua mpaka ifunge, uingize barazani.

Na si Juni mkuu. Huko kwenu usiku saa hizi ni chini ya nyuzi 10, huu mti asili yake nyika za joto, kwenye baridi hiyo unalala, hautoi mizizi, unasubiri kuoza tu. Ngoja Septemba au Oktoba, jua limerudi na mvua za Novemba bado. Kama kuna tawi umeshalikata, lilaze tu ndani karibu na dirisha, bora likae hivyo kuliko kuliingiza kwenye udongo wa baridi.

Halafu utomvu wake ni sumu kweli kweli, Wahadzabe kule Eyasi wanaupika kutengeneza sumu ya mishale, kwa hiyo nawa mikono na watoto wasichezee vipande.

Ukikata, kabla hujachomeka weka hapa picha ya kidonda, nitakwambia kama bado.