Msimamo wangu, kwa kuwa umeuliza

Kaka, umeuliza niko upande gani kwenye suala la mabinti waliojifungua wakiwa wanafunzi, na kama vita vya mashariki mwa Kongo (DRC) vinatuhusu sisi Watanzania.

Binti arudi shule. Serikali iliruhusu hilo Novemba 2021 na naliunga mkono kwa moyo wote. Jirani yangu mmoja alikuwa akichoma vitumbua kibarazani, mtoto mgongoni, daftari la Kidato cha Pili chini ya bakuli la unga. Ila ruhusa pekee haitoshi: asubuhi mtoto anabaki na nani?

Kongo ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2013 vijana wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, waliingia kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa huko, na waasi wa kundi la M23 wakashindwa. Januari 2025 kundi hilohilo likachukua Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo. Kongo na Rwanda wote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23. Jumuiya imwambie mwanachama wake waziwazi: ondoa askari. Wanaokimbia Kivu, eneo hilo la vita, wanaongea Kiswahili hikihiki chetu, kaka. Inatuhusu sana.