Re: Saa ya Seiko 5 imedondoka, nitengeneze au ninunue nyingine?

Pole sana mkuu. Kwa ulivyoeleza, kioo kimepasuka ilipodondoka kwenye marumaru ila mshale wa sekunde bado unatembea, mimi ningeitengeneza. Lakini ivue mkononi leo leo. Hiyo ni otomatiki, kila ukitikisa mkono inajijaza nguvu ya kutembea, na chenga za kioo zikiingia kwenye meno ya mashine ndipo gharama inapopanda. Bandika selotepu juu ya kioo, ilaze kifudifudi mpaka uifikishe kwa fundi.

Kioo chenyewe si ghali, Seiko 5 nyingi za zamani zina kioo cha Hardlex (kioo kigumu cha Seiko wenyewe) na mafundi wengi wanacho cha kufanana. Swali kubwa ni mashine. Kioo kikishabadilishwa, ilinganishe saa yako na saa ya simu kwa siku nzima. Ikikimbia mbele kwa dakika kadhaa, huenda nywele (springi nyembamba inayoongoza mwendo wa saa) imeshikana kwa ule mshtuko, na hiyo inataka fundi mwenye mkono mwepesi (si yule wa kubadilisha betri kibarazani). Hapo hesabu bei ya kubadilisha mashine nzima. Ikikaribia ya saa mpya, nunua mpya, isipokuwa kama ni ya urithi.